Chanjo ya Ndama na Maziwa ya Watoto

Tanga yetu hujivunia maziwa, lakini ng'ombe akitupa mimba kwa maradhi ya brusela, hasara haiishi zizini. Anayeyanywa maziwa yake mabichi huweza kushikwa na homa ya muda mrefu, nasi tukaidhania malaria.

Chanjo yake ina kisa. Mwaka 1923 huko Marekani, Dakta John Buck alivipata vijidudu hivyo katika maziwa ya ng'ombe. Vikakaa katika joto la kawaida zaidi ya mwaka, vikabaki hai bila ya makali. Ndivyo vinavyochanjia hata leo.

Ndama jike huchanjwa mara moja, akiwa na miezi 3 hadi 8. Akishashika mimba, chanjo hiyo yaweza kuiharibu. Sindano tumwachie daktari wa mifugo, kwani ikimchoma mtu yaweza kumwambukiza. Na maziwa, hata ya ng'ombe aliyechanjwa, tuyachemshe.