Upana wa Ghala

Huko Kwihara, karibu na Tabora, David Livingstone alikaa katika tembe mwaka 1872, akingoja wapagazi na mali kutoka pwani. Vitambaa na shanga vilitaka ghala kavu.

Tuseme mwenye tembe anayo mikeka ya yadi 35 za mraba, wala hapati mingine. Ataka ghala ambalo urefu wake ni upana mara 2, na yadi 3 zaidi. Upana uwe yadi ngapi? Ukuta wa udongo ukiisha kukauka hausogezwi.

Basi upana mara upana, mara 2, pamoja na upana mara 3, ni 35. Tukijaribu kila namba na kila sehemu tutazeeka. Lakini tuandike upana kuwa sehemu iliyofupishwa kabisa, J juu na C chini. Tutapata 2JJ + 3JC = 35CC. Upande wa kushoto wagawanyika kwa J, na wa kulia pia. Na kwa kuwa J na C hazina kigawanyo kimoja ila 1, J yagawanya 35. Vivyo hivyo C yagawanya 2.

Zabaki namba nane tu: 1, 5, 7, 35, ½, 2½, 3½, 17½. (Zilizo chini ya sifuri twaziacha, nani ajengaye ghala la namna hiyo?) 1 yatoa 5, haba, 5 yatoa 65, nyingi mno. Kati yake, 2½ yatoa 20, na 3½ yatoa 24½ na 10½, yaani 35. Upana ni yadi 3½, urefu yadi 10.

Mikeka ingalikuwa yadi 36, upana usingaliandikika kwa sehemu yo yote.