Mtawanyiko: Neno moja, maana tofauti kutoka Mwadui hadi Geita

NENO "mtawanyiko" hutumiwa na mwanafizikia na mkemia, lakini kila mmoja hulikusudia jambo lake. Kwa wakazi wa Shinyanga na Geita, ambako almasi na dhahabu huchimbwa, kuijua tofauti hiyo si suala la kufaulu mtihani pekee, bali pia la afya.

Katika fizikia, mtawanyiko ni hali ya nuru nyeupe kugawanyika katika rangi zake inapopita ndani ya kitu kama kioo au maji. Mwanasayansi wa Uingereza, Isaac Newton, aliuchapisha ufafanuzi wake mwaka 1672, baada ya kupitisha nuru ya jua katika mche wa kioo. Ndani ya kioo kila rangi husafiri kwa kasi yake, hivyo hupinda kwa kiasi chake. Zambarau hupinda zaidi, nyekundu hupinda kidogo.

Mfano mzuri ni almasi ya Mwadui, wilayani Kishapu, ambako mjiolojia wa Kanada, John Williamson, aligundua mwamba wa almasi mwaka 1940. Almasi hutawanya rangi za nuru kuliko kioo cha kawaida, na ndiyo maana ikichongwa vyema hutoa mimeto ya rangi nyingi. Hata hivyo, si kila rangi ya almasi hutokana na mtawanyiko. Almasi maarufu ya Mwadui iliyopatikana mwaka 1947, na ambayo Williamson alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, ni ya waridi kwa sababu jiwe lenyewe lina rangi hiyo.

Kwa mkemia, mtawanyiko ni mchanganyiko ambamo chembe ndogo za kitu kimoja zimeenea ndani ya kingine bila kuyeyuka. Maziwa ni vitone vya mafuta ndani ya maji. Ukungu ni vitone vya maji ndani ya hewa. Chumvi iliyoyeyuka majini haimo katika kundi hili, lakini maji ya tope yamo. Chembe za mfinyanzi hubeba chaji hasi, hivyo husukumana na kuchelewa kutuama. Mama anayetia shabu katika ndoo huipunguza nguvu chaji hiyo. Chembe hushikamana na kuzama.

Kanuni hiyo huonekana pia katika mialo ya Geita. Mawe yakishasagwa kwenye makarasha na kuoshwa kwa maji, dhahabu, ambayo ni nzito mara 19 kuliko maji, hutuama upesi. Lakini chembe zake ndogo mno huondoka na tope. Ndiyo sababu mabaki, ambayo wachimbaji huyaita "marudio", huchenjuliwa tena kwa sayanidi.

Hatari ipo katika zebaki inayotumika kukamata dhahabu. Ikikorogwa, sehemu yake hupasuka kuwa vitone visivyoonekana, vikachukuliwa na maji. Ikichomwa, hugeuka mvuke ambao mchomaji huuvuta bila kujua, kwani hauna harufu wala rangi. Mvuke huo huenea hewani, kisha hurudi ardhini na majini. Humo bakteria huweza kuigeuza zebaki kuwa sumu kali zaidi, inayojikusanya katika miili ya samaki na kudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni.

Wapo wanaoamini kwamba zebaki iliyochomwa imekwisha. Kemia inakataa: zebaki ni elementi, nao moto hauwezi kuiangamiza. Kutawanyika si kutoweka.

Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unaolenga kupunguza matumizi ya zebaki. Kwa mchimbaji ambaye bado anaitumia, hatua ya kwanza ni kuichomea katika chombo kilichofungwa kinachoupoza mvuke na kuurudisha kuwa zebaki, mbali na jiko na watoto. Kwa njia hiyo ataokoa afya yake, na fedha zake pia.