Nyonga ya Mzee Ikivunjika: Ni Upasuaji Gani Unaofaa?

Mzee akianguka na kushindwa kusimama, usimlaze mkekani ukingoja maumivu yapungue. Huenda nyonga imevunjika. Dalili zake ni maumivu makali kinenani, mguu mmoja kuwa mfupi kuliko mwenzake na unyayo kugeukia nje.

Kila siku ya kulala tu humwongezea hatari ya vidonda vya mgongoni, nimonia na damu kuganda mishipani. Ndiyo maana madaktari wa mifupa hupendelea kumpasua ndani ya siku moja au mbili baada ya kufika hospitalini, afya yake ikiruhusu. Kufungwa vijiti na kukandwa hakusaidii hapa, kwani nyonga iko ndani ya misuli minene na banzi haliwezi kuishika.

Aina ya upasuaji hutegemea mahali palipovunjika

*Shingo ya fupa la paja, vipande havijahama.* Mara nyingi hushikwa kwa skrubu. Chale ni ndogo na mzee hubaki na nyonga yake.

*Shingo ya fupa la paja, vipande vimehama.* Mishipa ya damu ya kichwa cha fupa huwa imeharibika, na skrubu zinaweza kulegea. Kwa wazee, kichwa hicho huondolewa na kuwekwa cha bandia. Nyonga bandia nusu hubadilisha kichwa pekee. Upasuaji wake ni mfupi na haichomoki kwa urahisi. Nyonga bandia nzima hubadilisha kichwa pamoja na kikombe chake, na humfaa zaidi mzee aliyekuwa akitembea mwenyewe na mwenye akili timamu.

Utafiti wa mwaka 2019 uliofuatilia wagonjwa 1,495 katika nchi 10 haukupata tofauti kubwa kati ya makundi hayo mawili katika idadi ya waliohitaji upasuaji mwingine ndani ya miaka 2. Waliowekewa nyonga nzima walipata nafuu kidogo tu zaidi. Kwa hiyo familia isidhani kuwa nusu ni tiba duni.

*Chini ya shingo.* Hapa fupa hupata damu ya kutosha, hivyo huungwa. Mvunjiko uliotulia hushikwa kwa bamba la chuma na skrubu kubwa. Wenye vipande vingi au unaoshuka pajani huhitaji chuma kirefu kinachopitishwa ndani ya fupa.

Familia ifanye nini?

• Msimsimamishe kwa nguvu. Msafirisheni akiwa amelala, mguu ukiegemezwa kwa mito.
• Bebeni dawa zake zote, hasa za kisukari, shinikizo na za kuzuia damu kuganda.
• Hakikisheni amesajiliwa SHA kupitia *147#.
• Fikeni mapema. Kutoka Wajir hadi Garissa ni zaidi ya kilomita 300, na rufaa huchukua muda.
• Mwulizeni daktari: Imevunjika wapi? Kwa nini amechagua upasuaji huu? Mzee ataanza kukanyaga lini?

Baada ya upasuaji, wengi husaidiwa kusimama siku inayofuata. Msimzuie kwa huruma, kwani mazoezi hayo ndiyo yatakayomrudisha kutembea.