Ubao Mmoja, Picha Nane

Shiti moja ya hadibodi ina futi 4 kwa 8, yaani futi za mraba 32. Ukiikata vipande vya futi 2 kwa 2 unapata vinane, na hakuna kinachotupwa. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mnamo 1968 kwa rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli, alitumia sana vipande vya kipimo hicho, takriban sentimita 60 kwa 60. Wengi huliona umbo hilo la mraba kama mtindo. Mimi naliona pia kama hesabu ya mtu aliyejua bei ya hadibodi.

Alifariki mwaka 1972. Wafuasi wake waliendelea pamoja, na mwaka 1990 wakawa chama cha ushirika chenye makao Oyster Bay. Swali ni chama cha aina hiyo kinamwachia msanii shilingi ngapi. Bei zinazofuata ni za mfano, si za daftari la chama chochote. Msomaji anaweza kuweka zake na kukokotoa upya.

Tuseme shiti ni Sh 32,000, hivyo kipande ni Sh 4,000. Rangi, brashi na kufungasha tuweke Sh 4,000 nyingine. Vifaa ni Sh 8,000 kwa picha inayouzwa Sh 50,000, na chama kinachukua kamisheni, yaani sehemu yake ya bei ya mauzo, asilimia 20. Mchoraji anabaki na Sh 32,000. Kwa kazi ya siku 2, ni Sh 16,000 kwa siku.

Hesabu hiyo inadhani kila picha inauzwa. Zikiuzwa 5 kati ya 8, mapato ni Sh 250,000. Toa kamisheni Sh 50,000 na vifaa vya picha zote nane, Sh 64,000. Zinabaki Sh 136,000 kwa siku 16: Sh 8,500 kwa siku, zaidi kidogo ya nusu ya kile tulichoanza nacho.

Na mteja naye hupunguziwa. Bei ikishuka hadi Sh 35,000, picha tano zinaleta Sh 175,000, na baada ya kamisheni na vifaa zinabaki Sh 76,000, au Sh 4,750 kwa siku. Bei imeshuka asilimia 30. Kipato kimeshuka asilimia 44. Muuza hadibodi hakupunguza chochote.

Sasa mkaribishe mfinyanzi chamani kwa kamisheni ileile. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, huchoma vyungu vyao kwenye moto wa wazi, bila tanuri, kisha huvivusha kwa mtumbwi hadi Matema. Chukua vyungu 40 vya kuchomwa hivyo, udongo na kuni Sh 80,000, na vinane vipasuke. Vinavyobaki 32, kwa Sh 5,000 kila kimoja, vinaleta Sh 160,000. Kamisheni ni Sh 32,000.

Ili kulinganisha, tuite ziada kile kinachobaki kwenye mauzo baada ya vifaa tu. Ziada ya mchoraji wetu wa picha tano kwa bei kamili ni Sh 186,000, na kamisheni inakula asilimia 27 yake. Ya mfinyanzi ni Sh 80,000, na kamisheni inakula asilimia 40. Kuni zikilowa na vikapasuka 14 badala ya vinane, inafika asilimia 52. Katiba ya chama itasema wote wanakatwa sawa.

Mchoraji ana jibu, na si jibu baya. Ukuta wa mita 2.44 unabeba picha 12, nne kwa tatu, zenye thamani ya Sh 600,000. Ukiweka hapo rafu tatu za vyungu vya sentimita 30, vinaenea 24, Sh 120,000. Kwa kipimo cha nafasi, mfinyanzi ndiye anayebebwa. Ila hapo tumechukulia kwamba picha na vyungu vinatoka dukani kwa kasi moja, na chungu cha kupikia kinanunuliwa na jirani, si mtalii pekee.

Swali la ukubwa ni gumu zaidi. Chama cha wachoraji 60, kila mmoja akitoa picha 13 kwa mwezi wa siku 26 za kazi, kinazalisha picha 780. Kodi ya duka ikiwa Sh 1,200,000, kamisheni ya picha 120 inatosha kuilipa. Lakini ili wanachama wapate zile Sh 8,500 kwa siku, lazima ziuzwe karibu 490, yaani takriban 19 kila siku ya kazi.

Zikiuzwa 120 tu, chama hakidaiwi. Kila mchoraji ameuza mbili: Sh 100,000, toa kamisheni Sh 20,000, toa vifaa vya picha 13, Sh 104,000. Amepata hasara ya Sh 24,000. Picha 660 zilizobaki stoo zimemeza vifaa vya Sh 5,280,000, ambazo ni kodi ya duka ya miezi minne na ushei, na hazimo kwenye daftari la mhasibu kwa sababu zilitoka mifukoni mwa wanachama.