Cheo na Mwenye Cheo: Kufundisha Habari za Urais katika Darasa la Tano

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 18 Machi 2021, mwanachuo wetu mmoja alikuwa darasa la tano katika mazoezi ya kufundisha. Usiku uliotangulia Makamu wa Rais alikuwa amelitangazia taifa kifo cha Rais John Magufuli. Kabla mwanachuo hajaandika kichwa cha somo ubaoni, mtoto mmoja alisimama akauliza: "Mwalimu, sasa nani atakuwa Rais?" Mwanachuo alisita, kisha akajibu kwamba hatuna budi kungoja mpaka uchaguzi ufanyike. Jibu hilo halikuwa sahihi. Lililotusikitisha zaidi, sisi tuliokaa nyuma ya darasa na daftari la tathmini, ni kwamba watoto arobaini na kitu walikwenda nyumbani siku ile wakiamini kuwa nchi yaweza kukaa miezi kadhaa bila mkuu.

Tulipolipitia daftari lake la maandalio tuliona chanzo cha kosa. Juma moja kabla alikuwa amefundisha mada ya viongozi wa nchi yetu kwa orodha ya majina na picha. Watoto walijua Rais wa kwanza ni nani, wa pili ni nani, na kuendelea. Hawakujua Rais ni nini. Hatumlaumu mwanachuo huyo. Wengi wetu tulifundishwa hivyo hivyo, tukafaulu mitihani, na tukaja vyuoni tukiwa na majina kichwani.

Basi jambo la kwanza ambalo mwalimu hana budi kulibainisha ni tofauti iliyopo baina ya cheo na mwenye cheo. Zana ya kulifundishia iko katika kila shule, nayo haina gharama. Katika ofisi ya mwalimu mkuu pana picha ya Rais, imetundikwa kwenye msumari. Waulizeni watoto: picha hiyo imebadilishwa mara ngapi? Msumari je? Watoto hucheka, lakini hulielewa jambo upesi kuliko wanavyolielewa kwa maelezo ya nusu saa. Hapo ndipo yafaa kutaja Ibara ya 33 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, inayoupa urais kazi tatu: kuwa mkuu wa nchi, kuwa kiongozi wa serikali, na kuwa amiri jeshi mkuu. Wekeni kiti mbele ya darasa, na kofia tatu juu ya meza. Mtoto akaaye kitini huvaa kofia ifaayo kwa kila tukio mnalolitaja: kumpokea balozi wa nchi ya kigeni, kuongoza mkutano wa mawaziri, kukagua gwaride. Akiinuka, huziacha kofia palepale.

Historia ya cheo hiki hufundishika kwa urahisi ikiwa tutaanza pale ambapo kazi hizo zilikuwa bado hazijakusanywa. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 haikuwa na Rais. Mkuu wa nchi alikuwa Malkia wa Uingereza, akiwakilishwa na Gavana Mkuu, Sir Richard Turnbull. Kiongozi wa serikali alikuwa Waziri Mkuu, Mwalimu Julius Nyerere. Januari 1962 Mwalimu alijiuzulu ili akakijenge chama cha TANU, na Rashidi Kawawa akashika uwaziri mkuu. Tukio hili aghalabu hurukwa madarasani, nasi twaona ni hasara, kwa kuwa hakuna mfano ulio wazi zaidi: mtu aliyependwa kuliko wote aliondoka kitini, na kazi ya serikali ikaendelea kesho yake.

Tarehe 9 Desemba 1962 Tanganyika ikawa Jamhuri. Umalkia ukaondoka, cheo cha Waziri Mkuu kikafutwa, na kazi zote zikatiwa mikononi mwa Rais. Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha kuchaguliwa mwezi uliotangulia, akimshinda Zuberi Mtemvu. Baada ya Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 pakawa na Makamu wawili, na Sheikh Abeid Karume, Rais wa Zanzibar, akawa Makamu wa Kwanza. Uwaziri mkuu ulirejeshwa mwaka 1972, lakini haukuwa tena ule wa 1961, kwa maana sasa Waziri Mkuu aliteuliwa na Rais na kufanya kazi chini yake. Kuanzia 1965 hadi 1990 mgombea wa urais alikuwa mmoja tu, na wananchi walipiga kura ya ndiyo au hapana.

Badiliko tunalopenda watoto walifikirie kwa kirefu ni lile la 1984, lililoweka kikomo cha vipindi viwili vya miaka mitano mitano. Mwalimu Nyerere alikuwa ameshika urais kwa takribani miaka 23 alipong'atuka Novemba 1985. Waliomfuata, Ali Hassan Mwinyi, Benjamin Mkapa na Jakaya Kikwete, kila mmoja alikaa miaka kumi akaondoka. Waulizeni watoto kwa nini watu waliokuwa madarakani walikubali kujiwekea kikomo. Msiwape jibu haraka.

Sasa turudi kwa swali la yule mtoto. Ibara ya 37 yasema kwamba Rais akifariki, Makamu wa Rais huapishwa kuwa Rais kwa muda uliobaki wa kipindi kile. Ndivyo ilivyokuwa: Ijumaa, tarehe 19 Machi, Samia Suluhu Hassan aliapishwa, na mwisho wa mwezi Bunge likamthibitisha Makamu mpya, Philip Mpango. Hapa pana hesabu nzuri ya darasani. Kipindi kilianza tarehe 5 Novemba 2020. Je, ilibaki miaka mingapi? Watoto watapata minne na miezi saba na ushei. Ndipo mwalimu aeleze Ibara ya 40: aliyerithi kipindi kilichobakiza miaka mitatu au zaidi aweza kugombea mara moja tu baadaye, kikiwa kimebakiza pungufu ya mitatu, mara mbili.

Jiandaeni pia kwa swali jingine ambalo halikosekani: "Je, Rais aweza kufanya lolote atakalo?" Msilikwepe kwa kuogopa kwamba ni siasa. Rais wetu ana madaraka makubwa mno, na si adabu kuwaficha watoto jambo hilo. Lakini kodi haitozwi ila kwa sheria, na muswada wa sheria hupitishwa na Bunge. Rais akikataa kuutia saini, na Bunge likaupitisha tena kwa theluthi mbili, Ibara ya 97 yampa siku 21: autie saini, au alivunje Bunge. Akilivunja, naye hurudi kwa wapiga kura.

Katika jaribio la mwisho wa mada, acheni "Taja Rais wa kwanza wa Tanzania." Andikeni hivi: "Leo Rais amejiuzulu. Eleza yatakayotokea kesho." Mwanachuo wetu alilitoa swali hilo juma lililofuata, na jibu fupi kuliko yote lilisema: "Makamu ataapa, na sisi tutakuja shule."