Rongo na Mtego wa Herufi Nene

Barabara ya A1 ikitoka Kisumu hupita Oyugis, kaunti ya Homa Bay, ikakatiza Kisii, halafu Rongo, Awendo na mji wa Migori hadi mpakani Isebania. Yasome majina hayo kwa jicho la mchoraji wa mabango: O zimejaa tele. Rongo ina herufi tano, na tatu kati yake ni za mviringo. Ndiyo maana herufi nene za kijiometri, zile zisizo na vikia, zilizoundwa kwa duara na mistari iliyonyooka, huwapendezea sana watu wa huku. Ndizo pia zinazoweza kumponza mwenye duka.

Maarufu kuliko zote ni Futura, fonti iliyobuniwa na Mjerumani Paul Renner na kutolewa na kiwanda cha Bauer cha Frankfurt mwaka 1927. Kibao ambacho wanaanga wa Apollo 11 walikiacha mwezini mwaka 1969 kimeandikwa kwa fonti hiyo. O yake huonekana duara kamili. Huonekana tu. Jicho huona herufi ya mviringo kuwa fupi kuliko ya bapa yenye kimo kilekile, na mstari uliolala huonekana mnene kuliko uliosimama. Kwa hiyo mbunifu huivusha O kidogo juu na chini ya mstari, kisha huipunguza unene kileleni na kitakoni. Ichore kwa bikari tupu uone itakavyosinyaa kando ya N.

Unene nao una hesabu yake. Jicho lenye afya hutenganisha vitu viwili vilivyoachana kwa dakika moja ya pembe, yaani sehemu ya 60 ya digrii. Kwa umbali wa mita 100, hiyo ni karibu sentimita 3. E ina mistari mitatu na nafasi mbili. Ili isomeke kutoka hapo, inahitaji kimo cha sentimita 14.5 hivi. Sasa inenepeshe, kila mstari uwe sentimita 4. Kila nafasi imebaki na sentimita 1.25, na E imekuwa tofali. G ikizibwa mdomo hugeuka O, na abiria wa matatu iendayo kilomita 80 kwa saa, ambaye mita hizo 100 humwishia kwa sekunde nne na nusu, anasoma RONOO.

Dawa yake ni kuipanua herufi na kuifungua G. Nyeupe juu ya rangi nzito ipunguzwe unene, maana huonekana nene kuliko ilivyo.

Kwa jina la duka, jezi au ubavu wa boti kule Mbita, herufi hizi hazina mpinzani. Kwenye bahasha ya dawa sizitaki: l ndogo na I kubwa ni vijiti vinavyokaribia kufanana.

Kabla hujamlipa mchoraji, rudi nyuma hatua mia, umwombe mtu asiyelijua duka lako alisome jina. Akisitasita kwenye G, brashi irudi kazini.