Mgongo wa Shabaha ya Karatasi

Wasomaji wetu wengi wamekwisha kuona shabaha ya karatasi, yaani karatasi nyeupe yenye duara nyeusi katikati, na duara nyingine nyembamba zilizochorwa moja ndani ya moja, kila moja na hesabu yake. Askari, mgambo, walinzi na watu wa mashindano huilenga ili wajue kama mkono umetulia na jicho limeona sawasawa. Lakini ni wachache wanaouliza: Je, nyuma ya karatasi ile pana nini? Wahenga walisema, "Usione vyaelea, vimeundwa." Leo napenda kueleza habari za kitu hicho cha nyuma, ambacho nitakiita mgongo wa shabaha, na namna ya kukichagua.

Kwanza sina budi kukiri kosa langu mwenyewe. Mwaka mmoja niliwekwa kuwa karani wa hesabu katika jaribio la kulenga la walinzi, nikapewa fedha kidogo za kununua vifaa. Mimi nilitazama bei tu. Nilichukua maboksi membamba yaliyokwisha kutumika, nikayabandika karatasi, nikayaacha nje usiku kucha. Alfajiri ikanyesha mvua. Asubuhi maboksi yalikuwa yamelegea kama mkate uliochovywa katika chai. Kijana mmoja alipiga vizuri, lakini risasi yake ya mwisho haikutoboa tundu. Iliipasua karatasi mpata wa kidole kizima. Sheria ya mashindano ni kwamba tundu likigusa tu mstari wa duara ya ndani, mpigaji hupewa hesabu iliyo kubwa. Sasa nani angeweza kusema kama liligusa au halikugusa, na mstari wenyewe umepasuka? Kijana alikosa alama moja, akakosa cheti, na pamoja na cheti akakosa kazi aliyoitumainia. Hakunitukana. Alinitazama tu, akaenda zake. Tangu siku ile nimejifunza jambo hili kwa bidii.

KAZI ZA MGONGO WA SHABAHA

Kazi zake ni nne. Ya kwanza, kuikaza karatasi isipeperuke wala kukunjika upepo wa kusi au wa kaskazi uvumapo. Ya pili, kuishika karatasi kandokando ya mahali risasi ipitapo, ili tundu liwe la mviringo na mstari usomeke. Ya tatu, kuiacha risasi ipite bila kuirudisha nyuma wala kuipotosha njia. Ya nne, kustahimili risasi nyingi, jua na umande, kwa bei ambayo watu wanaiweza.

Yafaa msomaji afahamu sana kwamba kuizuia risasi si kazi ya mgongo huu. Kazi hiyo ni ya tuta la udongo lililo nyuma ya shabaha, refu na nene, lisilo na mawe. Hata risasi ndogo ya bunduki ya .22, ambayo wengi huidharau, yaweza kwenda zaidi ya maili moja. Basi mtu awaye yote asidhani kwamba ubao au rundo la maboksi ni ngome. Pasipo tuta, hapana kulenga.

Tena Mabibo penyewe, ambapo zamani palihesabiwa katika Kinondoni na sasa ni katika Manispaa ya Ubungo, si mahali pa kupiga bunduki, kwa kuwa nyumba zimesongamana. Kupiga ni katika viwanja vilivyoruhusiwa tu, na kwa silaha yenye kibali, kama iagizavyo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Lakini kwa kutafuta vifaa, Mabibo ni mahali pazuri. Katika maduka yake na ya jirani, kuanzia soko la ndizi liitwalo Mahakama ya Ndizi mpaka upande wa kiwanda cha nguo cha Urafiki kilichofunguliwa mwaka 1968, mtu hupata maboksi, magunia, mbao na mafundi seremala.

DESTURI YA ZAMANI

Katika karne ya 19 huko Uingereza watu walilenga shabaha za chuma. Tarehe 2 Julai 1860, katika uwanja wa Wimbledon, Malkia Victoria alifungua mashindano ya kwanza ya chama cha taifa cha bunduki kwa kupiga shabaha iliyokuwa mbali yadi 400. Bunduki ilikuwa imekwisha kuegemezwa tayari, naye akaivuta kwa uzi, na risasi ikapiga karibu sana na katikati. Chuma kilikuwa na faida moja: mlio wake ulisikika. Lakini risasi za risasi zilivunjika juu yake na vipande kutawanyika, na alama ilibidi kupakwa rangi tena na tena. Baadaye watu wakaacha chuma, wakatumia kitambaa kilichowambwa juu ya kiunzi cha mbao na kubandikwa karatasi. Mashindano yale yalihamia Bisley mwaka 1890.

Desturi hiyo ya kitambaa na karatasi iliingia katika jeshi la Kiingereza, na kwa njia hiyo ikafika kwetu pamoja na King's African Rifles. Kambi ya Colito ya Dar es Salaam, ambayo leo huitwa Lugalo, ilikuwa ya askari hao. Katika mafundisho hayo watu hukaa katika handaki chini ya shabaha, huishusha baada ya kupigwa, huziba matundu kwa vipande vidogo vya karatasi, kisha huipandisha tena. Jambo hilo lawezekana kwa sababu mgongo ni gunia, nalo hustahimili kuzibwa mara nyingi.

GUNIA LILILOWAMBWA

Kwa uwanja utumikao mara kwa mara, gunia la katani au la juti ndilo bora. Risasi ikipita, nyuzi hutengana kidogo tu, hazikatiki zote, nazo huishika karatasi isipasuke. Fundi seremala atengeneze kiunzi cha mbao laini, kama msonobari. Gunia lifumuliwe, livutwe kwa nguvu sawasawa pande zote nne, lipigiliwe misumari midogo ubavuni mwa kiunzi, si usoni. Kisha lipakwe gundi ya unga, karatasi ibandikwe ingali mbichi, ipanguswe kwa kitambaa kutoka katikati kwenda nje ili hewa itoke. Ikikauka itakazana kama ngoma.

Gundi hupikwa kwa unga wa ngano, kikombe kimoja kwa maji vikombe vitano hivi. Unga uvurugwe kwanza katika maji baridi usifanye madonge, kisha upikwe kwa moto mdogo huku ukikorogwa mpaka uwe kama uji mwepesi. Adui wa gundi hii ni panya, mende na mchwa, kwa maana kwao ni chakula. Wako watiao mrututu kidogo ndani yake ili wadudu wasile. Lakini mrututu ni sumu. Sufuria hiyo isirudi jikoni kamwe, na watoto wasikaribie.

Tahadhari moja. Magunia mengi ya siku hizi, yale ya sandarusi yanayotiwa mchele na sukari, hayafai kazi hii. Ni ya plastiki, hutereza, wala gundi ya unga haishiki juu yake. Karatasi hubambuka upepo wa kwanza uvumapo.

MABOKSI

Kwa jaribio la siku moja, boksi zito latosha, tena bei yake ni ndogo. Tazama ubavu wa boksi utaona tabaka mbili za karatasi na mawimbi katikati. Mawimbi hayo ndiyo nguvu yake. Basi kata kipande hivi kwamba mawimbi yasimame wima, kutoka chini kwenda juu, maana yakilazwa boksi huinama kwa uzito wake wenyewe. Ukitaka nguvu zaidi, gandisha vipande viwili, mawimbi ya kimoja yakikata njia ya mawimbi ya kile kingine. Chagua boksi jipya, kavu, lisilo na mikunjo. Karatasi igandishwe gundi uso mzima, isishikwe pembeni tu.

Udhaifu wa boksi ni maji, na tena ni wingi wa risasi mahali pamoja. Katikati ikiisha kuliwa, karatasi mpya itapasuka kama haina mgongo kabisa. Hapo usibane matumizi. Tupa boksi, weka jingine. Katika masika, kuanzia Machi mpaka Mei, maboksi yakae ndani mpaka saa ya kazi.

MBAO NA PLASTIKI

Ubao mwembamba wa tabaka, uitwao plaiwudi, husimama wima vizuri na huishika karatasi. Lakini risasi ikitokea upande wa nyuma hubandua vibanzi, na baada ya muda katikati yote huanguka. Bei yake nayo ni kubwa. Wafaa zaidi kuwa kiunzi ambacho juu yake boksi hupachikwa na kuondolewa. Mbao ngumu kama mninga na mvule zisitumike kabisa. Ni kuharibu mali, na zaidi ya hayo risasi ndogo za bunduki ya hewa huweza kugonga mti mgumu na kumrudia mpigaji.

Iko pia plastiki yenye mawimbi ndani, ambayo watu huitumia kwa mabango ya matangazo. Hii haiogopi mvua, na matundu yake hujifunga kiasi. Gundi ya unga haiishiki, kwa hiyo karatasi hupigwa pini au kubandikwa kwa utepe wa gundi. Jua kali huikausha baada ya muda, ikavunjika kama ganda la yai. Kwa mahali pa mvua nyingi ni msaada mzuri.

VITU VYA KUKATAZWA

Bati, chuma, jiwe, tofali na saruji visiwekwe nyuma ya karatasi. Risasi hugonga na kugeuka, na hapana ajuaye itakwenda wapi. Ziko shabaha za chuma kigumu za kisasa, lakini hizo zina masharti yake ya unene, mwinamo na umbali, wala si kazi ya kubahatisha. Magurudumu ya motokaa pia hudanganya watu. Huonekana laini, lakini mpira huweza kuirudisha risasi ya mwendo mdogo kule ilikotoka.

VIPIMO VICHACHE

Mgongo uwe mkubwa kupita karatasi, angalau shibiri moja kila upande, ili risasi iliyopotea kidogo isigonge kiunzi. Usimame ukimkabili mpigaji sawasawa. Ukiinama, matundu huwa ya mviringo wa yai, na hesabu huharibika. Kwa mashindano ya mita 50, sheria za dunia huagiza pia kadi ya pili iwekwe nyuma ya shabaha, umbali wa nusu mita mpaka mita moja. Mtu akipiga kwa bahati mbaya shabaha ya jirani, risasi hupita kwa mshazari, na matundu mawili yakilinganishwa huonyesha imetoka upande gani. Hivyo kadi ile husema kweli pasipo kumwonea mtu.

Na kwa nini kuhangaika na upana wa unywele? Kwa sababu katika shabaha ya bunduki ya hewa ya mita 10, alama ya kumi ni nukta ya nusu milimita tu. Karatasi iliyolegea hupoteza zaidi ya hapo kwa kupasuka kwake.

Walimu waweza kuwaonyesha wanafunzi jambo hili bila silaha yo yote. Shika karatasi hewani, itoboe kwa penseli kwa ghafula. Itapasuka kama msalaba. Sasa gandisha karatasi nyingine juu ya kipande cha gunia kilichowambwa, ngoja ikauke, itoboe vilevile. Tundu litakuwa dogo na la mviringo. Watoto watajua sababu kwa macho yao.

Basi, ndugu wasomaji, na hasa ninyi wakubwa wa vijiji ambao mgambo huwajia kwa vifaa, msiseme, "Ni karatasi tu." Apigaye huja na jasho lake na matumaini yake, naye hana njia ya kujitetea isipokuwa tundu lile moja. Aliyenunua mgongo wa shabaha ndiye aliyelishika tundu hilo mkononi mwake. Mimi nililiangusha mara moja kwa kuokoa fedha kidogo. Ninyi msiliangushe.